Sentensi Nne za Karatasi Moja: Tahakiki ya Maneno Yanayomwongoza Mnunuzi wa Kadi ya Memori

Utangulizi

Kazi ya istilahi aghalabu hupimwa kwa orodha: ni maneno mangapi yamesanifiwa, ni ya fani zipi, na yamechapishwa katika kijitabu gani. Kipimo hicho kina faida zake, hasa katika nchi ambayo tangu Baraza lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967 imekuwa ikijitahidi kuipa lugha yake uwezo wa kubeba elimu ya kisasa. Lakini kiko kipimo kingine ambacho hatukitumii sana. Nacho ni kuuliza hivi: mtu aliyelisoma neno letu, akaliamini na kulifuata, je, aliweza kulitenda jambo alilolikusudia bila ya kupata hasara?

Makala haya yanakusudia kukitumia kipimo hicho cha pili. Kinachotahakikiwa ni karatasi ya ukurasa mmoja iliyoandikwa kwa Kiswahili mwaka 2023, na mwandishi wake ni huyu huyu anayeandika makala haya. Mwenzangu mmoja kazini alirejea kutoka safari ya nje akiwa na kompyuta ya michezo ya mkononi kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Chombo hicho huitwa Steam Deck. Hutengenezwa na kampuni ya Valve ya Marekani, na kilianza kuuzwa mwezi wa Februari 2022. Aliniomba nimwandikie kijana maelezo mafupi kwa lugha anayoielewa vizuri, ili ajue namna ya kuchagua kadi ya memori ya kukiongezea chombo hicho nafasi. Nilidhani kazi hiyo itanichukua nusu saa, na kweli ilinichukua nusu saa. Hasara iliyofuata haijalipika hadi leo.

Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni la watoto na michezo yao tu. Kadi hizo hizo, zenye upana wa milimita 11 na urefu wa milimita 15, ndizo zinazotumika katika simu, kamera na vinasa sauti vya maofisi yetu. Anayeandika hati ya zabuni ya kununua kadi mia mbili, mwalimu anayetunza alama za wanafunzi na mfasiri anayetafsiri kijitabu cha maelezo, wote wanayahitaji maneno yale yale. Karatasi yangu ilikuwa na sentensi nne zenye uzito. Nitazichukua moja baada ya moja.

Sentensi ya kwanza: "Chombo hiki kina kumbukumbu ya GB 16 na kumbukumbu ya GB 64."

Kwa hesabu sentensi hii haina kosa. Steam Deck ya toleo lile la bei ya chini ilikuwa kweli na gigabaiti 16 za aina moja na gigabaiti 64 za aina nyingine. Kosa liko katika kuziita aina zote mbili kwa jina moja. Kijana alijumlisha, akapata 80, akasema chombo chake kina kumbukumbu ya GB 80. Baadaye, alipochomeka kadi, alitazamia kwamba chombo kitakwenda kasi zaidi kwa kuwa "kumbukumbu imeongezeka". Hakikwenda kasi zaidi, naye akaamini kwamba ameuziwa kadi mbovu.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Kumbukumbu ni neno la zamani lenye heshima, na tayari limekwisha kubebeshwa mizigo mingi. Ziko kumbukumbu za kikao ambazo katibu huzisoma kabla ya mjadala kuanza. Iko "Kumb. Na." juu ya kila barua ya serikali. Uko mnara wa kumbukumbu. Ziko kumbukumbu za taifa zinazotunzwa pamoja na nyaraka. Katika matumizi yote hayo maana ya msingi ni moja: kitu kinachosalia baada ya tukio kupita. Sasa kompyuta ilipoingia, wafasiri walilichukua neno hili kwa maana mbili ambazo zinapingana. Gigabaiti zile 16 ni mahali ambapo kompyuta huweka kile inachokifanyia kazi kwa wakati huo tu. Umeme ukizimwa, vyote hupotea. Gigabaiti zile 64 ni mahali ambapo vitu hukaa, umeme uwepo au usiwepo. Kwa hiyo tumeliita "kumbukumbu" jambo lisilokumbuka kitu na pia jambo linalokumbuka, kisha tunamlaumu msomaji kwa kuchanganyikiwa.

Mtumishi wa serikali ataielewa tofauti hii upesi akielezwa kwa mfano wa ofisi yake mwenyewe. Meza ya karani ni moja, na masjala ni nyingine. Juu ya meza huwekwa majalada yanayoshughulikiwa leo. Jioni meza husafishwa. Masjala hutunza majalada yote, yanayoshughulikiwa na yaliyolala. Ukiongeza makabati katika masjala, hujaipanua meza ya karani hata kwa inchi moja, wala kazi yake haitakwenda haraka zaidi kwa sababu hiyo. Kadi ya memori ni kabati la kuongezea masjala, tena kabati linaloweza kubebwa na kuhamishwa. Anayesema kwamba kompyuta imekuwa nzito na kwa hiyo iongezwe memori, mara nyingi anataka meza kubwa zaidi. Akiletewa kabati, fedha zitakuwa zimetumika na tatizo litabaki pale pale.

Napendekeza basi kwamba katika maelezo ya vyombo neno kumbukumbu lisisimame peke yake kamwe. Mahali pa muda paitwe kumbukumbu ya kazi. Mahali pa kudumu paitwe hifadhi. Nayo igawanywe katika hifadhi ya ndani, iliyomo ndani ya chombo, na hifadhi ya kuchomeka, ambayo mtu anaweza kuitia na kuitoa. Kadi yenyewe je? Wapo watakaotaka iitwe "kadi ya hifadhi". Neno hilo lina mantiki, lakini mwananchi akilisikia atadhani ni kadi ya hifadhi ya jamii, na mwingine atafikiria hifadhi ya wanyama. Madukani watu wamekwisha kuiita "memori kadi" kwa miaka mingi. Sioni sababu ya kuwanyang'anya jina hilo. Inatosha kulipanga kwa utaratibu wa sarufi yetu, yaani kadi ya memori, kama tusemavyo kadi ya mwaliko.

Jambo la mwisho kuhusu sentensi hii ni ile alama ya GB. Mtengenezaji wa kadi huhesabu gigabaiti moja kuwa ni baiti 1,000,000,000. Kompyuta nyingi, hasa zile zinazotumia Windows, huhesabu baiti 1,073,741,824 na bado huandika GB. Ndiyo maana kadi iliyoandikwa GB 512 huonekana kana kwamba ina takriban GB 477, na ile ya GB 256 kana kwamba ina takriban 238. Shirika la kimataifa la viwango vya umeme, IEC, lilitoa mwaka 1998 jina la pekee kwa kipimo hicho kikubwa, gibibaiti, lakini jina halikushika. Mfasiri hana budi kulieleza jambo hili kwa sentensi moja, ili mnunuzi asimtuhumu muuzaji mwaminifu kuwa mwizi.

Sentensi ya pili: "Nunua kadi ya daraja la kwanza."

Hapa nilifanya kosa ambalo mfasiri wa neno kwa neno hulifanya kila siku. Juu ya kadi niliyokuwa nikiitazama mlikuwa na alama ya U yenye tarakimu 1 ndani yake. Nikaona tarakimu, nikaandika "daraja la kwanza". Sasa mwulize Mswahili yeyote maana ya daraja la kwanza. Katika treni ni behewa la wenye nafasi. Katika mtihani ni ufaulu wa juu kabisa. Katika bidhaa ni zilizo bora. Lakini katika kadi hizi tarakimu kubwa ndiyo bora, na U1 ni daraja la chini kuliko U3. Kwa hiyo nilimwagiza kijana anunue iliyo duni nikiamini kwamba ninamwagiza iliyo bora, naye alitii.

Lawama nyingine, hata hivyo, inawaangukia waliozibuni alama zenyewe. Kiwango cha kadi hizi kilitangazwa mwaka 1999 na kampuni tatu, Panasonic, SanDisk na Toshiba, na mwaka uliofuata zikaunda chama cha kukisimamia. Tangu wakati huo kila haja mpya imeletewa alama mpya bila ya kuiondoa ile ya zamani. Matokeo yake ni kwamba juu ya kipande cha plastiki kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba mnaweza kuwa na alama tano au sita, na baadhi yake husema jambo moja kwa namna mbalimbali. Hebu tuzipange.

Ziko kwanza herufi za ujazo. SDHC ni kadi ya zaidi ya GB 2 hadi GB 32. SDXC ni ya zaidi ya GB 32 hadi terabaiti 2. SDUC huenda mbali zaidi, hadi terabaiti 128. Herufi hizi hazisemi lolote juu ya kasi.

Pili ni tarakimu za Kirumi, I na II, ambazo huonyesha njia ambayo data hupita kati ya kadi na chombo. Njia ya UHS-I inaweza kupitisha megabaiti 104 kwa sekunde, na ya UHS-II megabaiti 312. Huu ni upana wa barabara; hausemi gari litakwenda mwendo gani.

Tatu ni madaraja ya kasi ya kuandika kwa mfululizo. C10, U1 na V10 ni majina matatu ya ahadi moja: si chini ya megabaiti 10 kwa sekunde. U3 na V30 ni majina mawili ya ahadi nyingine: si chini ya megabaiti 30.

Nne ni madaraja ya programu, A1 na A2, nayo ndiyo yanayomhusu zaidi mtu wa michezo. Hapa hakipimwi kiasi cha data kinachopita kwa mfululizo, bali ni mara ngapi kwa sekunde kadi inaweza kurukia mahali mbalimbali. Kadi ya A1 yapasa isome mara 1,500 na kuandika mara 500 kwa sekunde. Ya A2 isome mara 4,000 na kuandika mara 2,000. Tofauti hii baadhi ya wafasiri wameieleza kwa maneno kama "ufikivu nasibu", ambayo hata mwalimu wa hisabati huyasoma mara mbili. Kwa Kiswahili cha kawaida ni tofauti ya kusoma riwaya na kusoma kamusi. Riwaya husomwa kwa mfululizo, ukurasa baada ya ukurasa. Kamusi husomwa kwa kurukaruka. Kamera inayorekodi picha za video huandika riwaya; mchezo wa kompyuta unaotafuta mara nyumba, mara sauti, mara sura ya mtu, husoma kamusi. Napendekeza tuseme kasi ya mfululizo na kasi ya kurukaruka, wala tusione haya kwa kuwa maneno ni mepesi. Iongezwe tu kwamba A2 huonyesha nguvu yake yote pale ambapo chombo chenyewe kinaweza kuzipanga amri zake katika foleni. Kisipoweza, mnunuzi amelipia uwezo asioutumia.

Katika orodha hii tarakimu moja inatokea mahali patatu: UHS-I, U1 na A1. Ya kwanza ni barabara, ya pili ni mwendo wa chini kabisa wa kuandika, ya tatu ni wepesi wa kurukaruka. Kuzifasiri zote kuwa "daraja la kwanza" ni kumwacha msomaji gizani huku ukimwambia kwamba umemwashia taa. Ushauri wangu kwa wafasiri ni kwamba alama hizi zisifasiriwe kabisa. Ziandikwe kama zilivyo, U3, V30, A2, kwa kuwa mnunuzi anapaswa kuzitafuta kwa macho juu ya kadi. Kisha maana yake ielezwe pembeni kwa Kiswahili.

Sentensi ya tatu: "Kadi nzuri ina kasi ya MB 190 kwa sekunde."

Tarakimu hii niliinakili kutoka katika kifungashio cha kadi moja. Nilichokiacha ni kineno kidogo kilichokuwa mbele yake, kineno ambacho kwa Kiswahili ni hadi. Kifungashio kilisema kasi hufika hadi 190. Mimi nikasema kasi ni 190. Wenzangu wafasiri, nawaombeni tukiri kwamba sote tumewahi kukiacha kineno hiki ili sentensi iende vizuri zaidi.

Hadi hutaja dari, na angalau hutaja sakafu. Mtangazaji wa bidhaa hupenda dari, maana dari inaweza kuguswa mara moja, katika maabara, kwa chombo maalumu, na bado isemwe kwamba imeguswa. Madaraja niliyoyataja katika sehemu iliyotangulia ni sakafu: kadi isishuke chini ya hapo. Mnunuzi anayetaka kuijua kadi yake hana budi kuitazama sakafu kwanza. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; na tarakimu kubwa zilizoandikwa kwa wino wa dhahabu mara nyingi ziko safarini.

Tena ipo sababu nyingine iliyoifanya 190 kuwa haina maana kwa kijana yule. Tundu la kadi la Steam Deck ni la njia ya UHS-I, na tumeona kwamba njia hiyo mwisho wake ni 104. Kadi zinazotangaza zaidi ya hapo kwa njia hiyo hutumia mbinu za mtengenezaji mwenyewe, ambazo huhitaji kisomeo cha pekee. Kwa chombo hiki, basi, mtu hana haja ya kulipia UHS-II. Kadi ya SDXC, yenye U3 au V30 pamoja na A1 au A2, ya ujazo unaolingana na michezo yake, inamtosha. Na ujazo ni jambo la kufikiriwa kwa uzito. Mchezo wa Baldur's Gate 3, uliotolewa mwaka 2023, watengenezaji wake wenyewe wanaueleza kwamba unahitaji GB 150. Peke yake unaizidi hifadhi ya ndani ya GB 64 zaidi ya mara mbili.

Lakini mtu asichukue ushauri huu akaupeleka kwenye chombo kingine. Nintendo Switch 2, iliyoanza kuuzwa mwezi wa Juni 2025, haikubali kuendesha michezo kutoka katika kadi ya kawaida. Inataka ile iitwayo microSD Express. Kadi hizi mbili zina umbo moja na huingia katika tundu moja. Mwenye kadi ya kawaida ataichomeka barabara, kisha ataambiwa kwamba haifai kwa michezo. Kadi ya Express, ikitiwa katika chombo cha zamani, hurudi katika mwendo wa njia ya zamani. Hapa tunaona kwamba neno Express si pambo la kibiashara ambalo mfasiri anaweza kuliacha au kuligeuza kuwa "kadi ya haraka". Ni sehemu ya jina, kama namba ya kiatu. Asiyeiandika humfanya mtu anunue kiatu asichoweza kukivaa.

Kuhusu kadi bandia nilikuwa kimya kabisa katika karatasi yangu, na kimya hicho nacho ni kosa. Kadi ya kwanza aliyoinunua mwenzangu ilikuwa imeandikwa GB 512, kwa bei iliyomfurahisha. Haikuwa hivyo. Ndani ya kila kadi mna programu ndogo inayokiambia chombo ujazo wake; mdanganyifu huibadilisha programu hiyo ili kadi ndogo ijitangaze kuwa kubwa. Chombo huamini, huandika, wala hakilalamiki. Ujazo wa kweli ukishajaa, vinavyoandikwa baadaye hupotea au hufuta vya mwanzo. Hakuna neno linaloweza kuitambua kadi hiyo kwa kuisoma tu kwa juu. Inayoitambua ni kazi ya kuijaza yote na kuisoma tena, nazo ziko programu zinazofanya hivyo, kama F3 na H2testw. Anayeandika hati ya zabuni afanye jambo hili kuwa sharti: kadi zipokelewe baada ya kujazwa na kusomwa, si baada ya kuhesabiwa. "Ujazo uliothibitishwa" na "ujazo ulioandikwa" ni istilahi mbili, nazo zote mbili zinahitajika.

Sentensi ya nne: "Kisha iandae kadi kwa kuchagua amri ya maandalizi."

Nimeichelewesha sentensi hii kwa makusudi, kwani ndiyo iliyonifanya niandike.

Mfumo wa Steam Deck hutaka kadi ipangwe kwa utaratibu wake, uitwao ext4, kabla ya kuitumia kwa michezo. Kupangwa huko hufuta kila kitu kilichokuwamo. Mafundi wa simu na vijana wa madukani wana neno la jambo hili: kufomati. Nami nilikuwa na neno hilo kichwani wakati nikiandika. Nililikataa. Niliona halina sura ya Kiswahili, ni la mitaani, halifai kuandikwa na mtu wa istilahi. Nikaandika kuandaa, neno safi, lenye upole, ambalo mama hulitumia kwa chakula na mwalimu kwa somo.

Mwenzangu alikuwa na kinasa sauti cha kazi. Ndani yake mlikuwa na kadi yenye mazungumzo aliyoyarekodi kwa muda wa miezi kadhaa na mafundi wa majahazi: maneno ya mkuku na taruma, ya foromali, ya kalafati, na maelezo ya wazee juu ya kila kipande cha mti na kazi yake. Tulikusudia kuyatumia katika orodha ya istilahi za uundaji wa vyombo vya baharini. Kijana, akisubiri kadi nyingine badala ya ile bandia, aliiazima kadi ya baba yake usiku mmoja tu. Alikuwa na karatasi yangu mkononi. Aliona onyo kwenye kioo kwa Kiingereza, akalitafuta katika karatasi, akakuta imeandikwa kuandaa. Akaandaa.

Jitihada za kuzirejesha sauti hazikufaulu. Mmoja wa wazee wale alikuwa amekwisha kufariki. Mwenzangu hakumkasirikia mwanawe, wala mimi hakunitamkia neno baya. Aliirudisha ile karatasi mezani kwangu, amelipigia mstari neno moja.

Tangu siku hiyo nimejiuliza mara nyingi kuandaa lilikosa nini. Lilikosa hofu. Neno kufomati, kwa fundi na kwa mteja wake, lina hofu ndani yake: atakayelisikia atauliza, "Picha zangu je?" Hofu hiyo imeingia katika neno kwa sababu watu wamekwisha kupoteza vitu vyao, wakasimuliana. Sisi tukija na neno letu lililo safi, tunaleta umbo lisilo na historia hiyo, na mtu hulitumia bila ya tahadhari. Usafi wa neno si kitu kibaya, lakini hauwezi kuwekwa juu ya usalama wa mtumiaji.

Wako watakaosema kwamba ninafungua mlango kwa kila neno la kigeni. La hasha. Katika sehemu ya kwanza nimetetea hifadhi dhidi ya mazoea ya kuita kila kitu memori, na katika sehemu ya pili nimetetea kurukaruka. Wala sisemi kwamba neno lililoundwa halishiki. Kishikwambi ni shahidi. Wengi walilicheka, lakini katika Sensa ya mwaka 2022 makarani walikwenda nyumba kwa nyumba wakiwa na vishikwambi mikononi, kisha walimu wakakabidhiwa, na leo neno hilo halimshangazi mtu. Lilishika kwa kuwa lilikuja pamoja na kitu chenyewe na kazi yake, wala halikumficha mtu jambo lolote alilohitaji kulijua. Kuandaa lilificha.

Hitimisho

Kutokana na tahakiki hii, mapendekezo yangu ni haya. Kwanza, hifadhi na kumbukumbu ya kazi yatenganishwe katika maandishi yote ya vyombo, na kumbukumbu lisitumike peke yake. Pili, kadi ya memori likubaliwe kuwa jina la kitu chenyewe. Tatu, alama za madaraja ziachwe kama zilivyo na zielezwe, wala zisigeuzwe kuwa "daraja la kwanza" au "la tatu". Nne, hadi na angalau yachukuliwe kuwa sehemu ya tarakimu. Anayeliacha moja ameibadilisha tarakimu. Tano, kufomati likubaliwe, na kila linapoandikwa lifuatwe na maneno haya: vitu vyote vilivyomo vitafutika.

Mapendekezo haya si amri. Wafasiri, walimu na watumishi wanaoshughulika na vyombo hivi kila siku huenda wana maneno bora kuliko haya, na yafaa wayalete ili yajadiliwe. Ombi langu kwao ni moja. Kabla ya kulipitisha neno lolote la namna hii, tumpe karatasi mtu asiyekijua chombo, tumpe na kadi isiyo na kitu cha thamani ndani yake, kisha tukae kimya tumtazame anachokifanya. Mimi sikufanya hivyo. Kazi ya kuwarudia wale mafundi wa majahazi waliobaki imekwisha kuanza, na safari hii sauti zao zinahifadhiwa mahali pawili.